Mume Aliyeshuka Ukutani: Sakafu Inayozunguka

"Malkanthi! Mumeo nimefika, hata salamu hakuna?"

Ndivyo alivyosema yule mwanamume aliyetoka kwenye lifti, juu kabisa ya jengo la Mayura, mbele ya wakwe, mbele ya wahudumu, na mbele ya Kolombo yote iliyolala chini kwenye jua. Najua wapo kati yenu waliokaa wiki nzima wakinilaani kwa kuwaachia hapo. Laana zenu nimezipata. Tuendelee.

Malkanthi hakujibu, na sababu ni moja tu: hana mume. Hajawahi kuwa naye.

Alichonacho ni picha. Miaka mitatu nyuma, mama yake Lahiru, kijana anayemtaka mdogo wa Malkanthi, alipokuja mara ya kwanza kumposea mwanawe, aliuliza lile swali wanalouliza wote: "Na huyu dada mkubwa, mbona bado yuko nyumbani?" Kwa watu wale mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa. Akimtangulia, majirani husema nyota za nyumba ile zina kasoro, na posa hugeuza njia. Malkanthi alikuwa bado anatafuta la kusema, mdogo wake Upeksha akadakia: "Akka ameolewa zamani! Mumewe baharia." Akka ndiye dada mkubwa.

Uongo ulikuwa wa Upeksha, mzigo ukawa wa Malkanthi. Yeye ndiye aliyekwenda Maradana kwa mpiga picha, akanunua picha ya mtu asiyemjua, picha ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, akaitundika sebuleni na kuipa jina la Jayantha.

Na sasa picha ilikuwa imesimama mbele yake, ina vumbi viatuni na jasho shingoni.

"Aiya!" Upeksha ndiye aliyewahi. Alijitupa magotini, akamsujudia mgeni miguuni kama anavyosujudiwa kaka mkubwa aliyetoka safari. "Aiya jamani, umefika lini? Mbona hukutuambia?"

"Asubuhi hii," mgeni alisema. Akamtazama Malkanthi kwa macho ya mtu anayeomba radhi.

Bibi Kusumalatha, mama yake Lahiru, alitoa miwani kwenye mkoba akaivaa. Mwanamke huyu akivaa miwani, ujue kuna mtu anaenda kupekuliwa.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Miaka mitatu nakuona ukutani. Ukutani ulikuwa na nywele nyingi."

"Zilikuwepo, mama. Ziliondoka bila kuniaga."

"Na meli yako umeiacha wapi?"

"Mama yangu, nimetoka mbali na sijanywa hata chai. Ya baharini tuyaache baharini."

"Haa! Amekupata, dada!" Mjomba Wilbert, kaka yake Kusumalatha, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwache mtu apumue! Halafu si ni bahati hii? Tulikuwa tuisujudie picha, kumbe mwenye picha yuko njiani."

Ni kweli, walikuwa waisujudie picha. Nieleze upesi. Siku hiyo Lahiru na Upeksha walikuwa wafanyiwe uchumba kwa desturi: wapige magoti, wawape wazazi kishada cha tambuu, wazazi wawawekee mkono kichwani na kuwabariki. Wazazi wa Upeksha walishafariki, basi dada mkubwa na mumewe ndio wasimame mahali pao. Wawili, si mmoja. Bibi Kusumalatha alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatabarikiwa na mwanamke mpweke. Kwa kuwa mume alikuwa "baharini", walikubaliana kwa shingo upande kwamba picha yake iwekwe kwenye kiti. Malkanthi alikuwa ameipakata ndani ya mfuko wa karatasi tangu nyumbani.

Na kwa nini juu ya ghorofa? Muulizeni Mjomba Wilbert. Mpiga falaki wake alimpa saa ya heri, saa tano kasorobo, akasema nyuso zielekee mashariki na mahali pawe pa juu. Mtu mwingine angepanda kilima. Mjomba alilipia meza Mayura.

Malkanthi alitamani kukaa chini. Kutwa nzima husimama dukani Pettah akipima vitambaa, na leo, siku yake ya mapumziko, amesimama tena. Jengo hili aliliona likipanda sakafu kwa sakafu huku akianika nguo, na hakuwahi kutamani kulipanda. Aliye na mji wake haendi kuuchungulia. Sasa yuko juu, na mtu wa kwanza kukutana naye ni mume.

"Tuzungumze pembeni," alimwambia mgeni.

"Mtazungumza maisha yenu yote!" Mjomba Wilbert alitazama saa. "Sasa hivi ni mashariki. Kila mtu aelekee mashariki! Tambuu niliiweka mwenyewe hapo dirishani, tangu tulipofika, na dira nikaipima..."

Akanyamaza. Kwenye ukingo wa dirisha hapakuwa na tambuu. Nje ya dirisha palikuwa na maji ya buluu mpaka mwisho wa macho.

"Hiyo ni bahari," alisema.

"Ni bahari, mjomba," Lahiru alikubali.

"Bahari iko magharibi. Mtoto anayenyonya anajua bahari iko magharibi. Mimi niliweka tambuu dirisha la mashariki." Akageuka akamkazia macho mhudumu aliyepita na birika. "Nani amehamisha dirisha?"

Mhudumu aliweka birika chini. Ilionekana si mara yake ya kwanza kuulizwa.

"Dirisha halijahama, mjomba. Tumehama sisi. Sakafu hii inazunguka. Inakwenda taratibu, chai haitikisiki, ndiyo maana mtu hajui. Lakini kioo na ukingo wake havizunguki. Ukiacha kitu hapo, unakiacha huko huko."

"Inazunguka! Na hamkutuambia?"

"Imeandikwa mlangoni, mjomba. Kwa herufi kubwa."

"Zimeni basi!"

"Haizimwi. Watu wanakula."

"Tutapiga magoti mashariki tumalizie tumetazama Galle, kusini! Hiyo ndoa gani?" Mjomba alikuwa ametoa dira, anaizungusha, naye anazunguka nayo. "Na tambuu yangu?"

"Tambuu yako iko mashariki bado," mhudumu alisema. "Ndiyo pekee iliyotulia."

Hapo Malkanthi aliona upenyo. "Naenda kuitafuta," alisema.

"Naenda na mke wangu," mgeni akasema.

Bibi Kusumalatha akatabasamu. Upeksha hakutabasamu. Alikuwa akimtazama dada yake kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isije ikafurika.

Walitembea wakiufuata ukuta wa katikati mpaka ukawaficha. Malkanthi akasimama ghafla.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye wa ukutani kwako."

"Usinitanie, baba. Nimechoka."

"Sikutanii. Naitwa Nandasiri. Natengeneza majokofu huko Matara. Picha ile nilipiga Maradana nilipotaka kwenda kufanya kazi Korea. Mtihani wao wa lugha ukaniangusha. Nikaona aibu hata kurudi kuichukua picha."

"Na mimi umenipataje?"

"Huyo mama mkwe wenu. Alipiga picha sebule yako kwa simu, akawarushia ndugu zake waone familia anakooa mwanawe. Ndugu wana ndugu. Mwezi uliopita ikafika Matara. Binamu yangu akaja mbio kwa mama yangu: shangazi, kumbe Nandasiri ana mke Kolombo, anakuficha!"

Malkanthi alijishika shavu. "Masikini mimi. Na wewe ukamwambia mama si kweli."

Nandasiri alipangusa vumbi la kiatu kimoja kwa kingine.

"Hukumwambia?"

"Mama haoni. Macho yaliingia ukungu, sasa hata mwanga hauoni. Mwaka mzima alikuwa anaonja vijiko viwili vya wali anasukuma sahani, anasema atakufa aniache peke yangu kama kuku wa kupotea. Siku aliyosikia nimeoa, alimaliza sahani akaomba nyingine. Akataka na samaki. Sasa niambie wewe, ningemwambia saa ngapi? Kabla ya samaki au baada?"

Malkanthi aligeukia dirisha. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, na kioo kilikuwa cha baridi, kikampa raha kidogo. Chini kabisa bajaji zilijipanga kwenye foleni, nyekundu na kijani. Kando ya ziwa mnara wa hekalu uling'aa weupe. Alitafuta mtaa wao wa Wanathamulla, akaliona paa lake, au labda la jirani, bati moja lenye tangi jeusi la maji kati ya mabati mengi yanayofanana. Nyumba ya baba na mama. Humo ndimo alimomlea Upeksha tangu mtoto ana meno ya maziwa, akakataa posa mbili ili mdogo wake asome. Kutoka juu huku ingefunikwa na ukucha. Alijionea huruma, na hakupenda kujionea huruma.

"Unataka nini kwangu?" aliuliza bila kugeuka.

"Umsalimie mama. Mara moja tu. Umshike mkono, umwite Amma kama mama yako, ule wali wake. Basi."

"Miaka mitatu nimekuwa mke wa picha. Picha haifuliwi, haipikiwi, haikoromi. Na bado imenichosha. Majirani wananiuliza meli iko wapi, naangalia ramani usiku nisije nikakosea. Sasa niwe mke wa mtu mzima, mwenye mama?"

"Unafikiri mwanamume haulizwi?" Nandasiri alisema. "Kila harusi, na wewe lini? Kila harusi! Juzi nimeulizwa msibani. Marehemu bado yuko sebuleni."

Malkanthi alicheka. Kilimtoka kicheko kifupi, kikavu, akakifunika kwa ncha ya sari kama mtu aliyekohoa.

"Nitawaambia ukweli," alisema. "Leo hii. Siwezi tena."

"Sema. Mimi nitakuunga mkono, kisha nitateremka na lifti niende zangu. Siwezi kumuoa mtu kwa nguvu juu ya sakafu inayotembea."

Alikuwa na uso wa mtu mkweli. Ndio uso uliomfanya Malkanthi achague picha ile kati ya picha zote za dukani, lakini hilo hakumwambia.

"Ila nijibu moja. Leo, hapa, nani alikwambia tutakuwepo?"

"Nilipigiwa simu na..."

"Mwanangu, hiki ni chenu?"

Mzee mmoja alikuwa ameketi dirishani na wenzake, watu wa kijiji kimoja cha Kurunegala waliokuja na basi kutembea mjini. Ukingoni karibu naye kilikuwa kishada cha tambuu cha Mjomba Wilbert. Mdomo wa mzee ulikuwa mwekundu, na mashavu yakienda juu na chini.

"Nilidhani jengo linawakirimu wageni," alisema. "Nimechukua majani mawili tu. Labda matatu. Popoo ninayo mwenyewe."

Kabla Malkanthi hajafungua kinywa, Mjomba Wilbert alitokea mbio kutoka upande wa pili, dira mkononi, familia nzima nyuma yake.

"Hapa! Hapa ndipo! Msiguse kitu! Mzee, samahani, tunafunga uchumba mezani pako."

"Fungeni, fungeni," mzee alisema, akawapa ishara wenzake wasogeze viti. "Sisi tumelipia kuona mji. Harusi ni nyongeza."

Mambo yakaenda upesi. Malkanthi na Nandasiri wakasimamishwa bega kwa bega, migongo kwenye kioo, ili wachumba watakaopiga magoti mbele yao wawe wameelekea mashariki. Nyuma yao hapakuwa na kitu ila anga. Lahiru akapiga magoti mbele ya Nandasiri. Upeksha, kwenye sari ya rangi ya dhahabu ambayo Malkanthi aliipima kwa mkono wake dukani, akapiga magoti mbele ya dada yake na kuinua tambuu kwa mikono miwili.

"Bado kidogo," Mjomba alinong'ona, macho kwenye saa. "Sogeeni kushoto. Tunaanza kwenda Galle. Kushoto tena. Jiandaeni..."

Malkanthi alitazama utosi wa Lahiru. Kijana mpole, mfanyakazi, anayemletea mafungu ya ndizi bila kuombwa. Huyu naye anaingizwa kwenye uongo akiwa amepiga magoti.

"Inukeni," Malkanthi alisema.

"Nini?" Mjomba aliruka.

"Inukeni wote. Mimi sina mume. Huyu simjui, nimemwona leo. Picha niliinunua. Hakuna meli, hakuna Jayantha, hakuna kitu. Sijaolewa, Mama Kusumalatha. Nyota zangu hazina kasoro na za Upeksha hazina kasoro. Nilikuwa na kazi ya kulea tu. Nisameheni."

Alimaliza, akahisi mwili umekuwa mwepesi. Kwa muda wa kumeza mate, alipumzika.

Watu wa Kurunegala waliacha kutafuna. Bibi Kusumalatha alipauka midomo.

"Ni kweli," Nandasiri alisema. "Mimi ni mtu wa Matara. Sijawahi kumwona dada huyu kabla ya leo."

"Upeksha." Sauti ya Kusumalatha ilitoka chini. "Ni kweli haya?"

Wasomaji, mimi nimeishi na watu hawa miaka mingi, na bado sikutegemea jibu lililotoka.

Upeksha hakuinuka. Hakutetemeka. Aliinua uso wenye machozi mawili safi, akatabasamu kwa aibu kama binti anayetolewa siri ya nyumbani.

"Msamehe, Amma. Wamegombana. Kila Aiya akirudi kutoka melini wanagombana hivi hivi. Amekaa muda mrefu mno safari hii, Akka ana hasira. Mwaka ule alimfungia mlango, akawaambia majirani: huyo simjui!"

Kisha mzee wa Kurunegala akapiga paja.

"Na wangu husema hivyo hivyo! Mimi nikichelewa sokoni tu, nakuta sina mke!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mjomba Wilbert alicheka kwa kushukuru mbingu. Bibi Kusumalatha alishika moyo, akacheka mwisho kuliko wote na kwa nguvu kuliko wote.

"Malkanthi, mwanangu! Umenitoa roho! Hasira za ndoa hazisemwi mbele ya wakwe."

"Si hasira, mama, ni..."

"Na huyu naye kanuna, eti mtu wa Matara!" Mjomba alimpiga Nandasiri begani. "Mtapatana nyumbani. Pokeeni tambuu! Muda ndio huu! Huu huu!"

Malkanthi alitazama huku na huku. Kila uso ulikuwa unamcheka kwa mapenzi. Alikuwa amesema ukweli mbele ya watu wote, kwa sauti, na haukuwa umemsaidia chochote. Angeusema tena, wangecheka tena. Hakuwa na nguvu za mara ya pili.

Tambuu ikawekwa mikononi mwake. Upeksha akainama mpaka paji la uso likagusa miguu ya dada yake. Desturi ni kwamba hapo mkubwa huinama, huweka mkono kichwani na kutaja baraka. Malkanthi akainama. Mkono ukafika kwenye nywele ambazo alizisuka kila asubuhi ya shule.

Hapo chini, ambapo hakuna aliyesikia ila Nandasiri kando yao, Upeksha akanong'ona.

"Akka, usiniharibie. Nilimpigia mimi."

Mkono wa Malkanthi ulibaki pale pale.

"Namba yake nilipewa na binamu wa Lahiru. Nimeuliza, ni mtu mwema, hanywi. Akka, wewe ungezeeka peke yako. Na mimi nimeshawaahidi kwamba tukioana tutakaa nyumbani kwetu, maana kwao hakuna nafasi. Mke hukaa kwa mumewe, sivyo? Nguo zako nimeshazifunga asubuhi ulipokuwa bafuni. Tulipofika chini nilimpa dereva wake."

"Baraka!" Mjomba Wilbert alikuwa anarukaruka. "Baraka, Malkanthi, saa inapita!"

Malkanthi hakukasirika. Hasira inataka nguvu. Uchungu tu ulimwenea, kuanzia kifuani kwenda mikononi, akaelewa kwamba uongo wa baharia haukuwa wa kumwokoa Upeksha siku moja sebuleni. Ulikuwa wa kumtoa yeye nyumbani, polepole, bila chai kutikisika.

Aliuondoa mkono.

"Inuka, Nangi," alisema kwa sauti ya kawaida. Nangi ni mdogo wa kike, naye alilitamka kwa upole ule ule wa siku zote. "Magoti yatakuuma."

"Akka, mkono! Kwanza mkono!"

"Baraka sina leo. Ungeniomba chumba ningekupa. Ungeniomba nyumba nzima, sijui, labda ningekupa hata hiyo. Hukuomba." Akamkabidhi Mjomba Wilbert kishada cha tambuu. "Nyumba ni ya mama na baba, na ufunguo ninao mimi. Nikirudi tutaongea, mimi na wewe, bila mume wa mtu yeyote."

"Imepita!" Mjomba alipiga kelele. "Saa imepita! Na tumeshaelekea Galle!"

Bibi Kusumalatha hakumsikiliza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Upeksha," alisema, "wewe ulituambia nyumba ni yako."

Lahiru alikuwa amesimama, anamtazama mchumba wake aliyebaki magotini. Alichojibu Upeksha, Malkanthi hakukisikia. Alikuwa ameshafika kwenye lifti. Milango ilikuwa inajifunga, kiatu chenye vumbi kikaizuia, na Nandasiri akaingia.

Walianza kushuka. Masikio yaliziba.

"Ya nguo sikujua, dereva hakuniambia," Nandasiri alisema. "Nakuapia. Mdogo wako aliniambia tu wewe una haya, nikitokea mbele ya watu utakubali."

"Najua hukujua. Unadanganya vibaya sana."

"Kuna jingine sijakwambia."

"Kaka, nimechoka. Subiri kesho."

"Halisubiri. Mama alikataa kubaki Matara. Yuko chini, ndani ya gari."

Malkanthi alifumba macho. Alifikiria kubonyeza kitufe cha kurudi juu, akafikiria nani yuko juu, akaacha.

Gari lilikuwa kwenye kivuli cha jengo, mlango wazi. Ndani alikaa bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe, macho yake yakitazama mahali pasipo na mtu. Mzigo wa Malkanthi ulikuwa wazi kando yake. Bibi alikuwa ameitoa nguo moja baada ya nyingine, na zilikuwa zimepangwa mapajani mwake, zimekunjwa kwa pembe zilizonyooka, hata gauni kuukuu la kulalia.

Aligeuza kichwa aliposikia hatua.

"Ndiye wewe mwenye nguo hizi?"

"Ndiyo, Amma."

"Nimezikunja upya. Zilikuwa zimesokotwa tu, na viatu vimewekwa juu ya sari. Aliyezifunga alikuwa na haraka ya kukutoa." Mkono wake ulitafuta hewani mpaka ukaupata wa Malkanthi, ukaupapasa kiganja, vidole, sugu ya mkasi kidoleni. Haukuuachia. "Nandasiri, kanunue chai."

"Mama, ngoja kwanza niwajulishe..."

"Chai, mwanangu."

Nandasiri akaenda. Bibi alingoja mpaka hatua zake zikapotea kwenye kelele za barabara.

"Mwanangu ni mtu mzuri, lakini mimi ndiye niliyemzaa. Akidanganya namsikia kwenye pumzi. Wali niliula kwa sababu alikuwa anataka niule." Aliusogeza mkono wa Malkanthi karibu, akainamisha sikio. "Sasa wewe niambie ukweli, na mimi nitakuamini: una mume?"